Mdhamini Mwenye Mali

Tarsis alichukuliwa Jumatatu, mchana kweupe, na katoni zake arobaini za sabuni zikapakiwa kwenye Landrova kama vile nazo zimekamatwa. Mwaka ule wa themanini na tatu ukikutwa na sabuni nyingi kuliko nguo zako, we mhujumu uchumi, basi. Mtaa mzima ukafunga milango. Jirani aliyekunywa chai kwako asubuhi, mchana hakujui.

Candida, mkewe, mama wa Gaudens, hakulia. Kilichomtia hofu ni kifua cha mumewe. Tarsis ana pumu, na mahabusu siku zile watu walikuwa wanalala wamesimama.

"Dhamana tu," akamwambia shemeji yake Onesphory, kaka wa Tarsis. "Atoke hata wiki moja, apumue. Kesi tutaijua mbele."

Onesphory akakuna kidevu. "Shemeji, wanasema sheria mpya haina dhamana."

"Wanasema akina nani? Pantaleo wa hapo jirani aligonga mtu na lori, akadhaminiwa. Itakuwa sabuni?"

Onesphory akacheka, na kwa kucheka akawa kashakubali.

Sasa dhamana, Kariakoo nzima inajua inavyoendeshwa. Unaenda kwa balozi wa nyumba kumi, anakuandikia barua, anagonga muhuri, anaeleza kwamba mdhamini ni mtu mzito, ana mali, hawezi kutoroka. Mwepesi hapokelewi. Wakamkuta balozi wao, Mzee Awadhi, kibarazani na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimesikia. Poleni sana."

Akavaa miwani, akaandika kwamba Onesphory ana duka Mtaa wa Mkunguni.

"Duka tu?" Candida akamkata. "Na stoo yake ya mtaa wa Gerezani je? Iandike, mzee. Andika na mabati, andika na saruji. Wasije wakamwona mbangaizaji."

Mzee Awadhi akamtazama Onesphory juu ya miwani. "Niandike?"

"We andika, mzee," Onesphory akasema, kifua mbele. Nani hapendi kuandikwa tajiri, tena kwa muhuri?

Kituoni sajenti hakuifungua hata barua yenyewe.

"Hakuna dhamana, mama. Dhamana hakuna, wakili hakuna, na rufaa usiniulize."

"Afande, muuaji anapewa wakili! Mtu anangojea kitanzi, anapewa wakili! Wa sabuni anyimwe?"

"Muuaji kaua mtu mmoja," sajenti akasema. "Mumeo anaua nchi."

Askari mmoja nyuma ya kaunta akacheka. Candida akaisukuma barua mbele. "Basi soma kwanza, afande. Uone ni mtu gani tumekuletea."

Sajenti akasoma. Akarudia. Akainua kichwa taratibu, sauti imekuwa tamu.

"Mwenye stoo ni nani hapa?"

Onesphory akainua mkono nusu.

"Mabati mangapi, ndugu yangu? Kibali cha kuyaweka unacho? Na funguo?"

Wakampandisha Landrova ile ile. Mdhamini alilala ndani na aliyekuja kumdhamini.

Asubuhi yake wanawake walipanga foleni na vyombo vya chakula nje ya kituo. Mbele ya Candida alisimama Clotilda, mke wa Onesphory. Hakugeuka.

"Mali yetu umeitaja vizuri, Mama Gaudens. Hukusahau hata bati."

"Mwenzangu, nitatafuta mtu..."

"Mtu gani? Mwenye mali?"

Foleni ikacheka, kicheko kile cha watu wasio na la kufanya.

Mlango ukafunguka. Akatoka askari na daftari na kalamu.

"Ndugu wa Tarsis! Nani hapa ndugu wa Tarsis?"

Candida akaitazama ile kalamu. Jina lake, duka la mumewe lililobaki, nyumba, watoto, vyote vingeingia mle daftarini, kama mabati yale.

"Nauliza tena! Hana mtu?"

Clotilda sasa akageuka, akamwangalia usoni, asimtaje. Candida akakishika chombo cha ndizi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Haya," askari akasema, akiandika. "Hana mtu."