Zambarau ya Mkono Wangu

Wifi yangu ana mdomo, na mimi nina hasira za karibu, ndiyo maana tumeelewana miaka ishirini na mbili. Siku kaka yake aliponipeleka kwao mara ya kwanza, alinipima kwa macho toka utosini mpaka unyayoni akasema, "Mbona huyu kanuna? Tumemkosea nini?" Basi ile siku daktari alipomwambia ana saratani ya ovari, tulitoka kliniki tukakaa kwenye benchi la nje, na yeye ndiye aliyenipa leso. "Futa kamasi," akasema. "Mgonjwa ni mimi."

Kazi yangu ni kukata nyama za watu. Usishtuke. Daktari wa upasuaji akitoa uvimbe, kipande huletwa maabara kwetu. Tunakigandisha ndani ya nta, halafu mimi nakikata vipande vyembamba ambavyo ukipumua vibaya vinaruka, nakilaza kimoja juu ya kioo, nakitia rangi: zambarau kwanza, halafu waridi. Miaka ishirini na sita sasa. Mwenzangu wa meza ya pili ni mama mpole tunayemwita Saa, kwa sababu hafanyi kitu bila kutazama saa. Yeye huacha kioo kwenye zambarau kwa dakika zilizoandikwa kwenye karatasi ya ukutani. Mimi karatasi ile sijaisoma tangu ibandikwe. Natoa kioo nikiona kimekolea, basi. Vioo vyangu hukolea kweli, na nilikuwa najisifu kwa hilo bila aibu.

Mwaka juzi akaja Mwalimu. Jina hilo tulimpa sisi, maana aliwahi kufundisha hesabu, na sasa alikuwa anaifundisha kompyuta. Iko hivi: ndani ya uvimbe wa ovari huweza kuingia chembe za kinga, wale askari wa mwili. Kwa mgonjwa mmoja zinapigana, kwa mwingine zimeingia zikalala. Palikuwa na dawa mpya ya majaribio ambayo huzipa nguvu zile zinazopigana. Zilizolala haizisaidii kitu. Kipimo cha uhakika kipo, kile kinachoipaka chembe iliyo kazini rangi ya kahawia, lakini maji yake yanaagizwa mbali, unaweza kungoja miezi. Mwalimu akataka kompyuta itazame vioo vyetu vya kawaida, vya zambarau na waridi, ibashiri yenyewe. Akaipa vioo mia sita vya zamani pamoja na majibu yake. Ikajifunza, tukaishangilia.

Kipande cha uvimbe wa wifi, kilichochukuliwa kwa sindano, kililetwa Jumatatu. Sheria ya maabara ni kwamba cha ndugu yako hukigusi, kwa hiyo alikata Saa. Kompyuta ikatazama kioo, ikatoa kumi na tisa kwa mia. Maana yake chembe zimelala. Waliokuwa wanaingizwa kwenye majaribio ni wa sitini kwenda juu, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa.

Damu ilinichemka. Nikakiweka kioo kile kwenye hadubini, nikaona chembe za kinga zimejaa tele, katikati kabisa ya uvimbe. "Hizi zimelala wapi?" nikamwuliza Saa. "Umezitia rangi au umezipitisha tu karibu yake?" Masikini, akaanza kuikagua saa yake. Alipokwenda kula nikavunja sheria. Nikakata kipande changu, nikakikoleza kwa mkono wangu, nikampelekea Mwalimu.

Themanini na saba!

Nilipiga ukelele mle ofisini mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Mwalimu hakuuliza maswali, akamwandika wifi kwenye orodha. Nikampigia simu. "Umeingia!" Nikamsikia akimwambia mume wangu, aliyekuwa kwake, "Nenda kamchukue mkeo, analia tena," huku yeye mwenyewe akivuta kamasi.

Sasa, Jumatano asubuhi Saa akanifuata mezani. "Dada, nisamehe, labda nimekosea mahali. Nifundishe unavyofanya wewe." Nikaona haya. Nikasema ngoja nimwonyeshe. Nikavuta kabatini kipande cha zamani, cha mgonjwa ambaye kipimo cha kahawia kilishasema chembe zake zimelala fofofo. Nilichukua hicho kwa sababu tu kilikuwa juu ya vingine. Nikakikata, nikakitia rangi yangu, tukakipitisha kwenye kompyuta. Themanini na moja. Saa akakata cha kwake kutoka nta ileile. Ishirini na mbili.

Tukajaribu vingine vinne, na kila nilichogusa mimi kilikuwa macho. Kompyuta haikuwa inaziona chembe, ilikuwa inauona mkono wangu. Katika vile vioo mia sita, mimi ndiye niliyekata vya wagonjwa ambao hawajaanza dripu za dawa ya saratani, na wengi wao chembe zilikuwa kazini. Saa alipewa vya waliokwisha kutibiwa, na nyingi zilikuwa zimelala. Kompyuta ikapita njia ya mkato: zambarau iliyokolea ni macho, iliyofifia ni usingizi. Kiburi changu chote kilikuwa mle.

Ningeweza kunyamaza. Sidanganyi, niliwaza hilo muda wa kikombe kizima cha chai. Saa asingenisema. Lakini nilijua nikimficha wifi hilo sitaweza kumtazama tena usoni, kwa hiyo nikaenda kwake kwanza.

Nilimkuta anakunja nguo kitandani. Nikamweleza yote. Hakuacha kukunja.

"Kwa hiyo ile themanini na saba ni yako, si yangu."

"Ni yangu."

"Na hao waliokatwa na mwenzako, walioambiwa zimelala?"

"Wako saba. Huenda wengine ziko macho."

Akalitupa shati ukutani. "Ungenyamaza ungekufa?" Miaka yote ya kutaniana hakuwahi kunipigia kelele ya kweli. Nikakaa sakafuni pale pale. Halafu akaenda mwenyewe kuliokota shati, akalikunja upya.

"Nenda kaseme," akasema, "kabla sijabadili mawazo. Na unawe uso, wataniombolezea bure."

Mwalimu alivua miwani, akasema tu, "Sikuwahi kuuliza nani alikata." Wagonjwa ambao kompyuta iliwapima kwa ajili ya orodha ile, wangu na wa Saa, walikuwa kumi na wawili. Yeye alikuwa na chupa moja ya maji ya kahawia, aliyoitunza kwa ajili ya kukagulia kazi yake mwisho wa mwaka, na ilitosha vioo kumi na viwili tu. Akaitoa.

Ijumaa Saa alivipaka vyote, kwa saa yake, kwa dakika zilizo ukutani. Mimi nilifukuzwa chumbani, nikawa nafagia korido isiyo na uchafu. Mchana akatoka. Wagonjwa watano chembe zao zilikuwa kazini, na watatu kati yao ni wa wale saba walioambiwa zimelala.

"Na wangu?"

Akanishika mkono. "Zimejaa, dada. Ulichokiona ni kweli, zipo. Lakini zilizogeuka kahawia ni tatu tu, kioo kizima."

Nilikwenda kwa wifi kwa miguu. Nikafungua mlango polepole, nikavua viatu, nikamwuliza ameshindaje.

"Zimelala," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Ukiwa na habari njema unaanza kugomba tangu getini. Leo umeingia kama mgeni." Akavuta blanketi magotini. "Wale waliokuwa wametupwa, wamepata wangapi?"

"Watatu."

"Watatu," akarudia, machozi yakimtoka bila sauti. "Na mimi?"

"Dripu ya kawaida. Jumanne. Nitakuwa nawe."

Akafuta macho kwa ncha ya blanketi. Halafu akasema, "Gomba."

"Nini?"

"Gomba, we mke wa kaka. Ukiwa mpole hivyo naona nimekwisha."

Nikamwuliza hilo blanketi lilifuliwa lini, na hiyo chai mbona imepoa haijaguswa, na dirisha nani kaliacha wazi mtu anaumwa, na kama anadhani Jumanne nitamngoja ajipodoe saa nzima basi asahau. Sauti ilikuwa inakatika, nikaendelea hivyo hivyo. Akalaza kichwa begani kwangu, akafumba macho.

"Endelea," akasema.