Kushoto Juu ya Kulia

Shaa. Shaa. Kiganja kilikuwa kikinyoosha kitambaa gizani, taratibu, kama mtu anayebembeleza mgongo wa mtoto. Nilikuwa macho. Mume wangu Kengo alikoroma upande wa pili. Kotoha, binti yetu wa miaka minne, alikuwa amelala kanitupia mguu tumboni. Dirishani alfajiri ilikuwa bado inasitasita, na harufu ya maji ya chemchemi, ile ya yai viza, ilipenya hadi kwenye magodoro. Nilimjua anayenyoosha. Nguo yenyewe niliijua pia. Nikafumba macho.

Mama mkwe wangu, Tokie, ndiye aliyetualika hoteli ile ya maji moto kule Yamagata, kaskazini mwa Japani, theluji ikiwa magotini. Mimi nilikwenda na ombi. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari ya jioni, na kituo cha watoto hakikutaka tena kubaki na Kotoha baada ya giza kuingia. Bila Mama, masomo yangu yangeishia hapo. Wiki nzima nyumbani nililifanyia mazoezi ombi hilo bafuni, nikimsugua mtoto: "Mama, naomba ukae na Kotoha nikiwa shule." Kotoha alinicheka hadi akameza povu. "Unaongea na sabuni!"

Jioni ile, baada ya kuoga, nilikuwa nikilirudia tena kichwani huku nikimvisha Kotoha yukata, lile vazi jepesi la pamba ambalo hoteli huwapa wageni. Alikuwa anateleza kama samaki, anataka kukimbia. Nikalaza upande huu, nikaleta ule juu, vile ninavyojifunga mwenyewe, nikasahau kwamba yeye alikuwa amenielekea. Nikakaza mkanda, nikamwachia.

Kwenye ukumbi wa chakula Kengo alikuwa akimtania mama yake. "Mama, umekaa majini saa nzima. Umetubakizia kweli?"

"Nyamaza wewe. Mdogo ulikuwa unalia ukiona hata beseni."

Meza ya jirani wakacheka. Ndipo Kotoha akaingia mbio, mikono juu. "Bibi, nitazame!"

Bibi akamtazama. Kicheko kikamkatikia mdomoni.

Upande wa kulia ulikuwa juu. Aliye hai hufungwa kushoto juu ya kulia. Anayefungwa kinyume ni maiti, siku ya kuagwa. Na sebuleni kwa mama mkwe, kwenye kabati la marehemu linalowekewa wali kila asubuhi, kuna picha ya Sanae, dada yake Kengo, aliyekufa kwa homa ya mapafu akiwa na umri uleule wa Kotoha. Nilikuwa nimeshapiga magoti mbele ya picha ile mara nisizoweza kuzihesabu.

Mama hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliinama palepale kwenye mkeka, akafungua mkanda, akamvisha upya, kushoto juu.

"Wazazi wa siku hizi, jamani," mwanamke wa meza ya jirani akamwambia mwenzake, bila kujali kupunguza sauti. "Mtoto mzima kafungwa kama marehemu!"

"Chakula kinapoa," Mama alisema, bila kugeuka.

Nilikula nini, sikumbuki. Nakumbuka masikio yangu yalivyowaka, na kwamba ombi langu sikulitoa. Mpaka leo nikikunja nguo zilizotoka kuanikwa, mkono wangu husita kwanza, unatafuta kushoto iko wapi.

Basi alfajiri ile kiganja kikatulia.

"Chinatsu, najua hujalala. Njoo tukaoge."

Tulikaa kwenye vigoda, nikamsugua mgongo. Ulikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani, mifupa imejipanga kama shanga.

"Mama, nisamehe."

"Sugua chini ya bega. Sio huko, unanitekenya." Kisha akaendelea kana kwamba anaongea na ukuta. "Sanae nilimvisha mwenyewe. Mikono ikakataa. Kila nikimfunga, natazama, nimemfunga kama anayekwenda kucheza. Mwishowe dada yangu akanisogeza pembeni, akamfunga yeye." Akajimwagia maji, mvuke ukamfunika uso. "Jana mikono hii ilipomgeuzia Kotoha nguo, ilipata kazi iliyokuwa ikiitaka siku ile."

Alidhani ananipunguzia mzigo. Mimi nilitamani maji yanifunike. Mtu niliyemfungulia kidonda mbele ya sahani yake, nitamwomba nini tena? Nikajiambia shule basi, imekwisha. Nikasuuza taulo, nikalikamua mpaka likakauka.

Tuliporudi chumbani, Kotoha alikuwa ameamka, amekaa na fulana juu ya godoro, nywele zimesimama wima. Mama akachukua lile vazi dogo alilokuwa akilinyoosha gizani. Nilidhani atamvisha mwenyewe. Akanikabidhi mimi.

"Mvishe."

Nilipiga magoti nyuma ya mtoto, ili kushoto kwangu kuwe kushoto kwake. Kulia kwanza. Kushoto juu. Mama alifuata vidole vyangu kwa macho hadi kwenye fundo, kisha akashusha pumzi.

"Haya, mwambie Bibi asante," nikanong'ona.

Kotoha alimtazama Bibi, akageuka akanitazama mimi, halafu akasema kwa sauti:

"Bibi, Mama anaomba ukae na mimi akiwa shule."