Sentimita Sitini na Moja

Jumanne hiyo Mama Pindo alikuwa kwenye cherehani tangu saa moja na nusu asubuhi, akimalizia kola za sare za shule. Kola arobaini na mbili, zote nyeupe, zote zilitakiwa Ijumaa. Watoto wake wawili walikuwa wameshaondoka. Mama mkwe wake alikuwa chumbani, anasikiliza redio huku anagombana nayo. Nje, wapimaji wa idara ya barabara walikuwa wamemaliza kuchora alama ya X kwenye ukuta wa mbele, na rangi nyekundu ilikuwa bado inachuruzika.

Mama Pindo alikuwa ameshazungumza nao. Walimpa karatasi iliyosema hifadhi ya barabara ni mita thelathini kutoka katikati ya lami, kwamba ukuta wake umeingia humo kwa sentimita arobaini, na kwamba nyumba nzima itabomolewa baada ya siku kumi na nne. Akawauliza kama wana uhakika. Wakasema wana uhakika. Akarudi ndani, maana kola hazijishoni zenyewe.

Alikuwa kwenye kola ya ishirini na tisa nyumba ilipoinuka. Haikutikisika wala haikupiga kelele. Alichokiona ni kichwa cha mpimaji aliyekuwa amesimama dirishani akiandika. Kilishuka polepole, kikaishia pua, kikaishia macho, zikabaki nywele. Kisha nyumba ikatulia.

"Wewe!" mama mkwe aliita kutoka chumbani. "Mbona baridi inatokea chini?"

"Nyumba imepanda, mama."

"Basi funga mlango, inzi wasiingie."

Mama Pindo alimaliza kola, akakata uzi, akachukua rula yake ya mbao. Ilikuwa rula ya mita moja, yenye vifuniko vya shaba kwenye ncha zote mbili ili isilike, aliyopewa siku alipohitimu chuo cha ufundi. Alishuka mlangoni kinyumenyume, kama mtu anayeshuka kwenye lori, akapima pembe zote nne. Kila pembe ilikuwa sentimita sitini na moja kutoka kwenye msingi. Alifungua daftari la vipimo vya wateja, lenye viuno na mabega ya mji mzima, akaandika kwenye ukurasa mpya: Nyumba, 61.

Chini ya nyumba mawe ya msingi yalikuwa yamebaki mahali pake, makavu na safi. Katikati yake kulikuwa na kijiko cha mama mkwe, kile ambacho panya walikiburuta miaka miwili iliyopita na wifi yake Mama Pindo akalaumiwa kwa kukiiba. Mama Pindo alikiosha akakirudisha jikoni. Mama mkwe alikitazama, akasema alijua tu kwamba kingepatikana, na habari ya wifi haikuguswa.

Wapimaji nao waliangalia ile nafasi chini ya nyumba. Mmoja aliinama akachungulia mpaka upande wa pili, ambako kuku alikuwa anapita. Wakakunja vifaa vyao wakaondoka, kwa sababu walikuwa na nyumba nyingine tisa za kupima siku hiyo.

Mume wake, dereva wa malori ya masafa marefu, alirudi Jumamosi jioni akagonga ugoko kwenye kizingiti.

"Nani kainua nyumba?"

"Imejiinua."

"Na ngazi je?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Akajenga ngazi ya tofali, vipandio vitatu. Jumapili akala, akalala, akaondoka na lori, na kila aliposimama kujaza mafuta aliwaeleza madereva wenzake kwamba nyumba yake sasa ina hewa nzuri sana.

Lakini kabla ya hapo, Ijumaa, Mama Pindo alikuwa amepeleka kola. Njia ya shuleni inapita karibu na kambi ya wapimaji. Mvua ilikuwa imenyesha, na mafundi hao walikuwa wamefua ovaroli zao nzito za kazi na kuzianika. Walikuwa wamezianika kwenye futikamba yao ya kupimia barabara. Waliifunga kutoka mti hadi mti, ile futikamba ndefu ya kitambaa kigumu, na ovaroli sita zilining'inia zikidondosha maji, na katikati futikamba ilikuwa imelegea ikawa kama bembea.

Mama Pindo alisimama pale na fuko la kola kichwani. Mtu wa kawaida angeona nguo tu. Yeye ametumia futikamba za kitambaa tangu ana miaka kumi na minane, na kila mwezi hupima futikamba yake kwa rula ya mbao, na ikizidi hata nusu sentimita anaikata vipande na kufungia mifuko.

"Huwa mnaanika hapo siku zote?" aliuliza.

"Siku zote, mama," alijibu yule wa dirishani. "Kamba ya waya inaacha kutu kwenye nguo."

"Tangu lini?"

"Tangu nimeajiriwa. Mwaka wa saba huu."

Akatuma salamu kwa msimamizi wao kwamba apite nyumbani. Msimamizi alipita Jumatatu, mtu mpole mwenye kitambi cha wastani, amevaa suruali ya kijivu. Mama Pindo alimkaribisha chai kwenye kipandio cha pili cha ngazi, kisha akamwomba atandaze futikamba uani. Akaipima kwa rula, kituo kwa kituo, akiweka chokaa kila mita. Wakati huo Ekzosi, fundi wa magari wa jirani, alikuwa anasoma namba kwa sauti kubwa, naye alikuwa na sababu: kibanda chake kilikuwa kwenye mstari huohuo na kilikuwa na X yake.

Ilipofika alama ya thelathini ya futikamba, rula ilikuwa imeshalala mara thelathini na bado palibaki kipande. Mama Pindo alikipima kipande. Sitini na moja.

"Futikamba yenu imevutika," alisema. "Mnaposema mita thelathini, mnakwenda mita thelathini na sentimita sitini na moja. Ukuta wangu uko nje ya hifadhi kwa sentimita ishirini hivi. Na kibanda cha Ekzosi vilevile."

Msimamizi alitazama futikamba, akatazama rula.

"Mama, hii ni futikamba ya idara. Ina namba ya usajili."

"Namba haizuii kitambaa kuvutika."

"Basi labda rula yako imesinyaa."

"Hiyo suruali uliyovaa nani kakushonea?"

Msimamizi akajitazama. "Ni wewe."

"Kwa rula hii. Inakubana?"

"Hainibani."

"Haya."

Msimamizi alikunywa chai akaimaliza. Alikuwa mtu mwungwana na hakutaka kumdanganya. Akamweleza kwamba kwa futikamba hiyo wamepima barabara yote tangu mwanzo wake, kilomita mia na arobaini, nyumba zisizopungua mia tatu. Ikisemwa kwamba futikamba imevutika hapa, itakuwa imevutika na kule. "Sasa mimi nianzie wapi?" aliuliza, na aliuliza kwa dhati, kama mtu anayeomba ushauri.

"Anzia hapa," Mama Pindo alisema. "Hapa ndipo ulipokaa."

Akacheka kidogo, akashukuru kwa chai, akakunja futikamba akaenda nayo.

Siku ya kumi na nne tingatinga lilifika saa mbili asubuhi. Lilianza na kibanda cha Ekzosi. Kibanda hicho hakikuwa kimeinuka. Kilikuwa kibanda cha mlango wa bati tu, na Ekzosi mwenyewe alisema hakutegemea kiinuke. Alikuwa ameshahamisha injini na spana, akasimama kando akatazama. Kazi yote ilichukua muda wa kuchemsha yai.

Kisha tingatinga likageukia nyumba. Mama mkwe alikataa kutoka kwa sababu taarifa ya habari ilikuwa haijaisha. Dereva akateremsha sepeto, akaigusa nyumba polepole, akasukuma. Nyumba ikarudi nyuma kama pazia linavyorudi mtu akiliegemea, pamoja na cherehani, vyombo na mama mkwe. Dereva aliporudi nyuma, nayo ikarudi mahali pake. Alisukuma mara nne. Mara ya tatu mama mkwe alichungulia dirishani.

"Kijana, ukinimwagia chai yangu utaniona."

"Samahani, bibi."

Msimamizi akaandika kwenye fomu: Imeshindikana, jengo halipo chini. Akampa Mama Pindo nakala. Mama Pindo akauliza, kama jengo halipo chini, basi halipo hifadhini, na X itafutwa lini. Msimamizi akasema fomu hii inahusu kubomoa tu. Kufuta X kuna fomu yake, na fomu hiyo inataka kipimo kipya, na kipimo kipya kinapimwa kwa futikamba ya idara.

Wageni wa kwanza walifika mwezi uliofuata. Walikuwa wanandoa wenye baiskeli na mabegi makubwa, waliosikia habari kwa dereva mmoja wa lori. Wakaomba kupita chini ya nyumba. Mama Pindo akawaambia wapite, ila wasiguse kuku. Wakajilaza wakajivuta kwa viwiko wakatokea upande wa pili wakiwa na vumbi na furaha isiyo na kifani. Baada yao wakaja wengine. Kuna watu duniani kazi yao ni kusafiri kutafuta vitu vya namna hiyo kandokando ya barabara, na wana orodha zao. Nyumba ya Mama Pindo iliingizwa namba saba, baada ya kiatu cha saruji ambacho basi dogo linaweza kulala ndani yake, na kabla ya kisima kinachomjibu mtu kwa sauti ya mtu mwingine.

Waliuliza maswali. Nyumba inashikiliwa na nini? "Mwulizeni mwenyewe," alijibu mama mkwe, ambaye alikuwa amehamishia kiti chake mlangoni na kuanza kuvaa kitambaa kizuri. Haianguki? "Mpaka sasa haijaanguka." Ekzosi, aliyekuwa ametumia miaka ishirini akiwa chali chini ya magari, aliona hakuna mahali panapomfaa zaidi. Alihamishia spana zake kwenye msingi, akawa anawaongoza wageni, akiwaonyesha sakafu kwa chini kama anavyomwonyesha mteja gia boksi. Kati ya mgeni na mgeni alitengeneza gari lililokuwepo. Alikuwa na furaha. Alisema kibanda chake cha zamani kilikuwa kinavuja.

Mama Pindo pia hakuwa na la kulalamikia. Chini ya nyumba palikuwa na kivuli, nguo zilikauka bila kupauka, wageni walikatika vifungo na zipu zao akawarekebishia. Watoto walijifunza kuruka vipandio vyote vitatu kwa mara moja. Lakini kila aliporudi nyumbani alikuta X ile imemkodolea macho, na kila mgeni alitaka kupigwa picha mbele yake. Idara ya utalii ilikuja kusimamisha kibao cha mshale kilichoandikwa NYUMBA INAYOELEA, na kwenye kibao wakachora nyumba, na kwenye nyumba wakachora X.

Mwaka ulipotimia msimamizi alirudi na wapimaji wake. Faili lilikuwa bado wazi, na taratibu zilitaka alama ipakwe upya. Alikuja na kopo la rangi, akaomba stuli.

Mama Pindo alimletea stuli. Akasimama nyuma yake mikono kiunoni.

"Mstari wa kulia umepinda."

"Uko sawa, mama."

"Umepinda. Kama utaharibu ukuta wangu, uharibu kwa mstari ulionyooka. Shika rula hii."

Msimamizi akashika rula ya mbao, akanyoosha mstari. X ikatoka nzuri kuliko ya kwanza. Mama mkwe akaisifu kutoka kwenye kiti chake.

Hapo mvua ikanyesha, mvua ya ghafla yenye matone mazito, ikawalowesha wapimaji wote sita kabla hawajajibanza. Ilipokatika na jua kutoka, yule wa dirishani alisogea kwa heshima.

"Mama, tunaweza kuanika ovaroli hapa kwako?"

Mama Pindo aliwaonyesha kamba yake ya nguo. Ilikuwa imejaa sare za shule. Wakasema asisumbuke, wana yao. Wakafungua futikamba ya idara, wakaifunga kutoka kwenye nondo ya dirisha hadi kwenye nguzo ya kibao cha utalii, wakatundika ovaroli sita, maji yakidondoka. Futikamba ikalegea taratibu katikati.

Mama Pindo aliitazama. Alifungua mdomo, akamtazama msimamizi, ambaye alikuwa anapuliza chai yake kwenye kipandio cha pili, suruali ikiwa imemkaa vizuri. Akafunga mdomo, akaenda kuwaletea vibanio.

Alipokuwa anabana ovaroli ya mwisho, alisikia Ekzosi akisema kutoka chini ya nyumba, "Mama Pindo, huku kumeongezeka nafasi."

Akachukua rula, akapima pembe zote nne. Sitini na tatu. Akafungua daftari, akakata ile sitini na moja kwa mstari mmoja, akaandika namba mpya pembeni. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba kutafuta kipande cha tofali cha kuongezea kwenye ngazi, kabla mama mkwe hajashuka.