Usiku wa Saa Nne Asubuhi

Tunu alijitia kitanzi mwenyewe, tena akakitangaza kwa kipaza sauti. Wiki nzima gari la matangazo lilizunguka Nambambo, Ruponda na Mnero, likavuka hadi Ruangwa, likiahidi kwamba Jumamosi, kwenye Siku ya Hadithi ya makumbusho ya Nachingwea, Bibi Sabaha atasimulia hadithi ya mlango wa msituni mpaka mwisho. Mpaka mwisho, sauti ya Tunu ilirudia, kana kwamba watu ni viziwi.

Walisikia vizuri sana. Hadithi hiyo kila mtu wa upande huu anaijua, na hakuna anayeijua. Dada saba wanakwenda kuchuma uyoga, mdogo wao anaachwa nyuma, anatangatanga na kuimba mpaka anaikuta nyumba, anabisha hodi, na sauti kutoka ndani inauliza, "Nani?" Basi. Hapo watoto wote wanakuwa wameshalala, maana hadithi yenyewe ni ndefu na mchana kutwa walikuwa shambani. Tunu ni mjukuu wa Bibi Sabaha, na alilelewa naye tangu mama yake alipovuka kwenda Msumbiji kufanya biashara asirudi tena. Alisimuliwa hadithi hiyo miaka na miaka, na kila mara aliamka asubuhi amefunikwa khanga, asijue ndani ya nyumba ile kuna nani. Alipokuwa mtu mzima akauliza. Bibi akamjibu kwamba hadithi haianzwi mkiani.

Kwa hiyo mtunza makumbusho huyu, mwenye heshima zake na funguo kiunoni, alikuwa na hamu ya kitoto. Hakulala vizuri siku tatu.

Makumbusho yenyewe ni jengo moja refu la mabati, lililobaki tangu enzi za Waingereza na mashamba yao ya karanga, na huchangamka kwa misimu. Mvua zikikaribia kuna Siku ya Mbegu. Korosho zikianza kudondoka nazo zina siku yake, watu wakabangua mpaka vidole vikawa vyeusi. Siku ya Hadithi huja baada ya mavuno, chakula kikiwa ghalani na watu wana nafasi ya kukaa. Mwaka jana walikuja wachache, tena wengi wao walifuata chai. Safari hii saa tatu asubuhi uwanja ulikuwa umefurika, na Fuso la Ruangwa lilikuwa likishusha watu waliokuwa wakiimba tangu njiani.

Mwalimu Kipriani, mkuu wa msafara huo, aliruka chini akicheka. "Dada Tunu, sisi tumekuja kuhakikisha tu. Nachingwea tunawajua kwa kuanza mambo. Karanga mlianza. Reli mlianza. Ziko wapi?"

"Leo utaufunga mdomo wako huo," Tunu akamwambia.

Bibi Sabaha akaletwa kwa bodaboda, khanga mpya kichwani. Tunu alimpokea kwa shikamoo na kiti. Bibi hakukaa. Aliinua uso, akalitazama jua.

"Mke mwenzangu, hadithi saa ngapi?"

"Sasa hivi, bibi. Saa nne."

"Saa nne hii ya jua? Anayesimulia hadithi mchana anaota mkia. Hukuambiwa?"

Aliambiwa. Kila mtoto wa huku ameambiwa. Alikuwa ameshughulika na viti, maji na matangazo, akasahau jambo ambalo hata kuku wa Nambambo wanalijua.

"Bibi, watu wote hawa—"

"Nife na mkia mimi? Siku ya kuoshwa, waoshaji watasema nini?"

Mzee Halfani, mwenyekiti wa kamati ya makumbusho, akashauri wasubiri jua lizame. Mwalimu Kipriani akatikisa kichwa. Fuso lilikuwa la kukodi, na mwenye gari alitaka lirudi Ruangwa jioni. Watu wakaanza kunong'ona. Tunu aliona aibu ikimpanda, na nyuma ya aibu hiyo akaona kitu kingine, hasira nzuri.

"Kama usiku haupo," akasema, "tutautengeneza."

Hapo ndipo sherehe ilipoanza kweli. Vijana walikimbilia majumbani wakarudi na maturubai ya kuanikia korosho, wakayagongomelea madirishani. Kinamama wakavua khanga za mabegani wakaziba nyufa. Viroba vikasukumwa chini ya milango. Watu wa Ruangwa, waliokuja kucheka, walikuwa juu ya ngazi wakiomba misumari. Walipobanana wote ndani na mlango ukafungwa, mshale mmoja wa mwanga ukashuka kutoka tundu la bati mpaka miguuni kwa bibi.

"Jua hilo hapo," akasema.

Mpishi wa sherehe akapitisha tonge la ugali. Mzee Halfani, pamoja na uzee wake, akapanda ngazi akaziba tundu kwa tonge hilo. Giza likaingia zito, na mtu wa Mnero akasema, "Haya jamani, mlale salama," nyumba nzima ikaangua kicheko.

Bibi Sabaha akapiga kofi moja. Kimya.

Alisimulia kama alivyosimulia zamani, bila haraka, na alipofika kwenye wimbo wa binti mdogo watu waliupokea kwa nguvu mpaka mabati yakatetemeka. Hakuna aliyesinzia. Tunu alikaa sakafuni miguuni pake, akaisikia njia ikikunja mtoni, akauona moshi juu ya paa. Binti akabisha hodi. Sauti ikauliza, "Nani?"

Bibi akanyamaza.

Watu wakangoja. Mtoto mmoja akasema, "Ehe?"

"Hapo huwa mnalala," bibi akasema.

"Hatujalala, bibi."

"Naona." Akakohoa. Kisha akainama, akamwambia Tunu kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mke mwenzangu, hata mimi nilikuwa nalala. Bibi yangu hakuwahi kunifikisha. Nyie mkifumba macho nilikuwa namshukuru Mungu."

"Si niliwaambia?" Mwalimu Kipriani akasema gizani, na kicheko kikalipuka. Tunu hakucheka. Miaka yote ile, na ndani hamna mtu.

Mkono wa bibi ukamshika bega. "Wewe ulidhani ni nani?"

Alijua ni nani. Alimwazia mtu huyo huyo tangu ana miaka sita, kila usiku kabla ya macho kufumba, na hakuwahi kumwambia mtu. Akasimama.

"Binti akajibu, 'Ni mimi, nimeleta uyoga.' Na sauti ikasema, 'Mbona umechelewa hivyo, mwanangu? Maji yalichemka zamani.'"

Vigelegele vikapasua giza. Ruangwa wakapiga makofi, Nachingwea wakapiga miguu, mtu akauanza wimbo upya na nyumba nzima ikaudaka. Katikati ya kelele hizo bibi alimvuta Tunu karibu.

"Kumbe alikuwa mama yake," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Na mlango? Nani aliufungua?"

"Ulikuwa haujafungwa," Tunu akasema. "Ulikuwa umerudishiwa tu."