Mpaka wa Maji

Watu wa mteremko ule wa Mukurweini walikuwa wezi, na nasema hivyo kwa upendo. Hawakuiba kuku wala maziwa. Waliiba mitaro.

Msimu uliopita Ndila, binti anayeongoza kikundi chao cha kuhifadhi udongo, aliwapanga wakachimba mitaro ya kukinga maji, ikikata mlima kutoka shamba hadi shamba. Kazi safi kabisa. Lakini mashamba ya huko ni membamba, yanashuka kama ukanda kutoka barabarani hadi mtoni, na mwenye shamba jembamba hawezi kuvumilia nafasi ikae bure. Huyu alifukia kidogo apate mstari wa mahindi, yule akafukia apate pa kuweka mgomba. Mvua ilipokuja, maji hayakupata pa kutua. Yalishuka na udongo wote, yakaacha mizizi ya kahawa nje na korongo lililofika nyuma ya jiko la mama mzee Njoki.

Sasa masika yalikuwa yanabisha hodi, na Njoki alimwambia Ndila bila kuzunguka.

"Msichana wangu, watu wamechoka. Hii mitaro ikishindwa tena, tunapanda mikaratusi shamba yote. Tumeshaongea."

Ndila alijua mikaratusi ingefyonza chemchemi ya chini mpaka ikauke. Baba yake alikuwa polisi aliyehamishwa kutoka Machakos, lakini yeye alizaliwa papo hapo, na uchungu wa mteremko ule ulikuwa wake. Alishuka kando ya korongo akiwatukana wezi wake kimoyomoyo, hadi akafika kwa Mutahi na Ngugi.

Hao walikuwa ndugu wa tumbo moja, na hawakuwa wamesemezana tangu wagawane shamba la baba yao. Kati yao palikuwa na safu ya itoka, maua meupe yenye mizizi minene kama vitunguu ardhini, ambayo Wakikuyu huyapanda mpakani. Mahindi ya Mutahi yalifika hapo yakakoma. Ya Ngugi vivyo hivyo. Wangeweza kuchukiana hadi kaburini, lakini anayeng'oa itoka hujitafutia laana, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Ndila alisimama hapo kitambo, kisha akacheka peke yake.

"Guka," alimwambia Mutahi kesho yake, kama mjukuu amwitavyo babu, "naomba machipukizi ya itoka. Nataka kuyapanda ukingoni mwa mtaro, mwanzo hadi mwisho."

"Itoka si maua ya kupamba," mzee akasema. "Ukipanda, hiyo ni mpaka. Mpaka ya nani na nani?"

"Yetu na maji."

"Ati maji?"

"Ndiyo, guka. Maji ni jirani. Kila mwaka anaingia kwetu, na hakuna mtu amewahi kumwekea mpaka."

Mutahi aliinamia jembe lake akafikiri. "Siwezi kutoa peke yangu," alisema mwishowe. "Hii ni ya watu wawili." Wa pili hakumtaja.

Basi Ndila akavuka kwa Ngugi. Ngugi alisema yule akikubali, yeye hakatai. Akarudi kwa Mutahi, naye akataka kujua watachimba upande gani kwanza. Asubuhi nzima Ndila alikuwa bodaboda ya maneno kati ya wazee wawili ambao wangeweza kupeana mikono bila kuinuka. Mwishowe kila mmoja alichimba upande wake, macho yakiwa chini.

Na kwa kuwa mpaka hauwekwi bila mashahidi, mteremko mzima uliitwa. Mitaro ilichimbwa upya, na wale wezi wa mitaro walipanda itoka kwa mikono yao wenyewe, jirani akimtazama jirani. Njoki akasali. Tangu siku hiyo hakuna aliyetia hata punje ya maharagwe ndani ya mtaro.

Mvua ilianguka Jumapili, watu wakitoka kanisani. Walikimbilia shambani na viatu vyao vizuri. Maji mekundu yalishuka kutoka barabarani kwa kelele zao za zamani, yakaingia mtaroni, yakapanda hadi miguuni mwa itoka. Majani yakatikisika. Ndila alishika mkono wa Njoki, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Maji yakatua. Yalijaa, yakatulia, yakaanza kunywewa na ardhi. Chini, korongo lilikuwa tupu.

Njoki akapiga vigelegele, mteremko mzima ukaitikia, na Ndila akajikuta analia mbele ya watu bila aibu yoyote.

Mutahi na Ngugi walikuwa wamesimama kila mtu upande wake wa itoka za baba yao, wameloa chapachapa. Mutahi akakohoa. Alisema akitazama mbele tu:

"Huyu jirani amejua mpaka."

Watu wakageuka.

"Na akivuka," Ngugi akamjibu, "tunampeleka kwa chifu. Mimi na wewe."