Picha ya Bi Mosi

Mwaisha wa Kinole alikuwa anamenya ndizi mbichi za mchana pale Bwana Miti alipopita na sanduku lake la picha, shingo imeiva kwa jua. Siku za kazi Mdachi huyo alilinda msitu wa serikali. Jumapili alipiga picha za ndege, kwa raha zake tu, na kulikuwa na ndege mmoja aliyemtoa jasho mwaka mzima: mweusi mgongoni, manjano kifuani. Kila akisafisha picha yake, tawi lipo, ndege hayupo.

Kinole nzima ilimjua ndege huyo. Alikuwa Bi Mosi, mama yake Mwaisha. Serikali ilipochimbia mawe meupe ya mpaka, shamba lake la migomba liliangukia upande wa msitu, likafyekwa. Bi Mosi akafa kwa hasira, na kabla matanga hayajaanuliwa alikuwa mtini anagombeza nyani.

"Bwana, ndege wako namjua," Mwaisha alisema huku anaendelea kumenya. "Nikikupatia, utasogeza mawe, shamba la mama lirudi kwangu?"

"Nipe ndege, nitasogeza."

Mwaisha hakuwa na wasiwasi hata chembe. Shamba la ukoo hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na binti ni yeye. Shida ilikuwa moja tu: mtoto hamwamrishi mama yake, hata mama akiwa na manyoya. Kazi hiyo ni ya mtani. Basi akamwendea Mzee Pazi, mtani wa ukoo wao, yule aliyelala ndani ya kaburi siku ya mazishi akidai hatoki mpaka apewe jogoo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mama yako bado anaringa?"

"Anaringa. Hataki kupigwa picha."

"Hata sura anatunyima, mchoyo yule," Pazi akasema, akachukua fimbo yake.

Wakapanda mlima. Bwana Miti akasimamisha sanduku lake la miguu mitatu na kujifunika kitambaa cheusi. Pazi akasimama chini ya mti, mikono kiunoni.

"Wewe Mosi! Ugali wako mbwa wangu aliususa. Sasa unajificha nini, uzuri wenyewe uliupata lini?"

Ndege akashuka, akamrudishia matusi ya kumtosha, na Pazi akacheka mpaka akakaa chini. Kisha Bi Mosi, ambaye hakuwahi kukubali kuambiwa hana uzuri, akatua mbele ya sanduku na kutulia tuli, kifua mbele.

Jioni hiyo hiyo picha ikatoka. Ilimwonyesha Bi Mosi mwenyewe, kaniki mpya, jembe begani, nyuma yake migomba yote iliyofyekwa, imesimama na mikungu yake, chini hakuna hata jani la magugu. Moyo wa Mwaisha ulijaa furaha. Alikuwa amemkumbuka mama yake sana. Na shamba nalo lilionekana, na mwenyewe akionekana. Nani tena angebisha?

Bwana Miti aliitazama picha kwa makini, akasifu mwanga wake.

"Ndege yuko wapi?"

"Ndiye huyo."

"Huyu ni mtu. Tulipatana ndege." Akaisogeza karibu na taa. "Na mtu huyu analima ndani ya msitu wa serikali."

Bi Mosi akaitwa kwa akida. Alikwenda, akatua juu ya mgongo wa kiti, akasomewa kosa lake na kuhukumiwa kulima njia ya mpaka. Akida, mtu wa pwani asiyependa kupoteza muda, aliona kwamba ndege hawezi kushika jembe, hivyo adhabu akampa mrithi. Siku hiyo hakuna aliyebisha kwamba mrithi wa Bi Mosi ni Mwaisha.

Njia ilipita upande wa ndani wa mawe, katikati ya shamba la mama yake. Udongo ulikuwa bado laini. Bi Mosi alikaa tawini akimkosoa: asiinue jembe juu mno, asiache mizizi ya magugu.

"Naam, mama," Mwaisha alisema, na akalima vizuri, maana kulima vibaya hakufundishwa. Alipomaliza, askari alikagua kazi, akaridhika, akachukua jembe na kumsindikiza mpaka nje ya mawe.