Nusu ya Kitabu

Kitabu kimoja, watoto wawili. Matilda wangu alisoma aya, kisha Ng'washi akaifunika kwa kiganja, akamuuliza inasemaje, naye akasimulia alichosikia, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. Nilikuwa nje, kwenye dirisha la darasa, mwaka sabini na tano, na sikupendezwa.

Sisi tulihamia Usangu kutoka Nyololo. Kina Ng'washi walitoka Usukumani na ng'ombe wao. Darasa la sita zima Mwalimu Kalinga alilichanganya: anayesoma kama maji yatiririkayo na anayeokota herufi moja moja, dawati moja. Mimi niliishia la nne. Kwangu kusoma kulikuwa mbio za mdomo, na mtihani wa la saba ulikuwa unakuja.

"Mwalimu, mwanangu ndiye anafundisha. Yule binti anamchelewesha."

"Mama Matilda, wanasoma wote wawili. Ingia ukae, usikilize."

Sikukaa. Nilikusanya akina mama wenzangu, tukaenda kwenye kamati ya shule, tukapiga kelele mpaka wepesi wakawekwa mbele, wazito nyuma. Huko nyuma wakarudishwa kwenye ba, be, bi. Watoto wakubwa vile! Wiki ya tatu Ng'washi hakuja tena.

Mwezi huohuo ikaja barua ya mume wangu, aliyekuwa kibaruani Mbeya. Mikono yangu ilikuwa kwenye unga, nikampa Matilda. Akaisoma yote bila kukwama.

"Anasemaje baba yako?"

"Si nimeshasoma, mama."

"Nimekusikia. Anasemaje?"

Akaitazama karatasi kama aliyeiona sasa hivi. "Ng'washi ndiye alikuwa ananiuliza hivyo," akasema polepole.

Kesho yake nilikwenda kwao. Mama Ng'washi alikuwa anatikisa kibuyu cha maziwa, hakukiweka chini.

"Karibu. Umekuja kumpima tena?"

"Nimekuja kumwomba arudi."

"Baba yake kaondoka naye, na ng'ombe. Mtoto alisema kule nyuma hakuna hadithi." Akaendelea kutikisa.

Nakuandikia wewe, mama mwenye haraka kama yangu: ukiambiwa ingia usikilize, ingia.

Matilda alichaguliwa, akasoma sekondari Iringa, sasa naye ana watoto. Nilipata nilichokitaka. Ila mpaka leo akifungua kitabu mezani hukisogeza kushoto kidogo, nusu ikae mbele yake, nusu mbele ya kiti kitupu.